Pangani siku nne na watoto: angalieni maji kwanza, tarehe baadaye

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Dar, nalifupisha. Yeye na mumewe wana watoto wawili, mmoja miaka 9 mwingine 13, wana siku nne za likizo ya shule na wanataka mji mdogo wa mtoni ambao haujajaa watalii. Wamefikiria Pangani, lakini rafiki yake alienda kule akarudi kesho yake analalamika: Maziwe, lile fungu la mchanga baharini mbele ya Pangani, aliambiwa leo haiendeki, kivuko kikamchelewesha, mji umelala, na juu ya yote akaambiwa mto una mamba. Sasa dada anauliza waende au waachane nao, na kama ni kwenda basi waende lini, walale wapi, na hilo la mamba lina ukweli gani.

Dada yangu, nendeni. Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni pwani ya Tanga mpaka Saadani na ukiniuliza mji gani wa mtoni unafaa familia yenye watoto wa umri huo, jibu langu ni Pangani, ila kwa sharti moja ambalo rafiki yako hakuambiwa na mtu yeyote. Pangani mji mzima unaenda na maji. Wavuvi, boti, kivuko, mikoko, hata saa ya kupata samaki freshi pale diko, yaani wanaposhushia samaki, vyote vinasubiri bahari ijae au ipwe. Mtu akichagua tarehe kwa kuangalia wikiendi tu afu akafika maji yamekaa vibaya, atakaa gestini siku nzima anaangalia dari na atarudi Dar kusema hakuna kitu. Naamini kabisa ndicho kilichomkuta rafiki yako, maana ukisikia boti zinakataa kwenda Maziwe na hakuna dhoruba, hapo mara nyingi ni maji mafu.

Ngoja nieleze vizuri maana hapa ndo penye safari yako. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiandama upya, tunapata bamvua, yaani maji yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti ya juu na chini inaweza kupita mita tatu. Katikati hapo, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Sasa jambo ambalo watu wa bara huwa hawalijui ni kwamba kwetu bamvua lina saa zake: maji yanakuwa yamepwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi jioni, na maji mafu ni kinyume chake, yanajaa asubuhi yanapwa jioni. Kama nyumbani kwenu mnafuata mwezi wa Kiislamu hesabu ni nyepesi sana, siku nzuri ni tarehe mosi hadi ya tatu ya mwezi huo na tarehe 15 hadi 18, siku za kukwepa ni tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24. Kama hamfuati, angalieni jedwali la maji la bandari ya Tanga mtandaoni, linatosha kabisa kwa Pangani.

Kwa nini nakazania hivyo? Kwa sababu ya Maziwe. Zamani kile kilikuwa kisiwa kamili chenye mivinje na kasa walikuwa wanapanda kutaga mayai kwa wingi, kisha bahari ikakila, miti ikaondoka, na kufikia miaka ya 1980 mwanzoni kikabaki fungu la mchanga mweupe ambalo linazama maji yakijaa na kutokeza yakipwa. Kwa hiyo huendi Maziwe saa unayotaka wewe. Siku ya bamvua mnatoka Pangani saa mbili asubuhi, maji bado yanatoka mtoni na yanawasukuma kuelekea baharini, mnafika fungu limeanza kuonekana, saa nne liko wazi lote, watoto wanakimbia juu ya mchanga katikati ya bahari hakuna ukuta wala mti, saa sita hivi maji yanaanza kulila pembeni na nahodha anawaita botini, mnarudi na maji yanayojaa yakiwaingiza mtoni. Siku ya maji mafu fungu linatokeza kidogo tu au halitokezi, tena linatokeza jioni wakati upepo umeshaamka na bahari imechafuka, nahodha mwenye akili anakataa na ana haki ya kukataa.

Na msikubali kuchelewa asubuhi hiyo. Mdomoni mwa mto kuna fungu lingine la mchanga chini ya maji, maji yakiwa machache mawimbi yanapasukia pale pale, boti kuvuka ni shida na abiria wanaloana. Saa mbili kamili muwe mmekaa botini, chai mtakunywa kule.

Maziwe ni eneo tengefu la serikali, kuna kiingilio na mnalipa kwa kontrol namba kabla ya kupanda boti, chukueni vitambulisho vya NIDA ili mlipe bei ya raia maana bei ya mgeni ni nyingine kabisa. Kule hakuna kivuli, hakuna choo, hakuna duka. Bebeni maji mengi, kofia, mwavuli mkubwa, matunda, na nguo nyepesi za mikono mirefu kwa watoto kwa sababu jua linapiga kutoka juu na linarudi kutoka kwenye mchanga. Viatu vya kuingilia majini ni lazima, matumbawe yanakata. Boti lazima iwe na laifu jaketi kwa kila kichwa pamoja na saizi ya mtoto, na hili ulizeni siku moja kabla muione kwa macho, msikubali kuambiwa zitakuja kesho. Matumbawe ya huku Tanga yaliwahi kuumizwa sana na uvuvi wa baruti, ile mnayoikuta leo ni bahari inayojiuguza, kwa hiyo waambieni watoto wasisimame juu ya tumbawe wala wasiokote kitu. Nalisema hili kwa kila mgeni na nitaendelea kulisema.

Sasa lini. Mmefungwa na likizo za shule kwa hiyo ni Juni au Desemba. Juni kuna baridi nzuri na barabara zinakuwa zimeanza kukauka baada ya masika, lakini kusi, upepo wa kusini, linavuma kwa nguvu, asubuhi mnaweza kwenda baharini ila mchana bahari inakuwa na vurugu na maji si meupe sana. Desemba vuli inaelekea kuisha, kaskazi, upepo wa kaskazini, inaanza kushika, joto ni kali ila bahari ni safi zaidi. Mimi ningechagua Desemba ya katikati, kabla watu hawajajaa Ushongo, ufukwe wa ng'ambo ya mto, kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya maana wiki ile ya mwisho vyumba vinaisha na bei zinapanda. Machi mpaka Mei msithubutu na watoto, masika ya Pangani si mchezo. Kwa hiyo chukueni kalenda, tafuteni siku nne za Desemba ambazo zinaangukia bamvua, hapo ndo mkate tiketi au mjaze mafuta.

Njia. Kutoka Dar mnapita Chalinze, Segera, Muheza mpaka Tanga mjini, ni kama kilometa 350, afu Tanga mpaka Pangani kama kilometa 50 kufuata pwani. Kwa basi mnashuka stendi ya Kange pale Tanga mnachukua gari ndogo za Pangani, zinajaa ndo zinaondoka, kwa hiyo fikeni Tanga kabla ya jioni haijaingia. Kama mna gari lenu kuna njia ya mkato kutoka Muheza inashuka moja kwa moja Pangani, inapita mashamba, ni nzuri kukiwa kikavu, mvua ikinyesha mzunguke Tanga tu msijitese. Mkipita Tanga naomba mtenge saa moja kwa ajili ya Tongoni, ni kilometa kama 17 tu kutoka mjini, kuna msikiti wa zamani uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengine yana nguzo, yamekaa hapo pembeni ya bahari kimya na wageni wengi wanapita barabarani hawajui kama yapo. Mtoto wa miaka 13 atashangaa kuwa mji ule ulikuwepo kabla Vasco da Gama hajapita hapa.

Kulala. Hapa watu wengi wanakosea, wanakimbilia hoteli za ufukweni siku zote nne na mji wenyewe wanauona kupitia dirisha la gari. Ushauri wangu ni usiku mbili Pangani mjini na usiku mbili Ushongo. Mjini kuna gesti za kawaida na hoteli ndogo chache, safi, hazina makuu, ulizeni neti isiyotoboka na feni inayofanya kazi, mengine yote mtayazoea. Faida ya kulala mjini ni kwamba alfajiri mko hapo hapo mtoni. Ushongo iko ng'ambo ya mto kusini, kama kilometa 15 kutoka Bweni mnaposhukia kivuko, ufukwe mrefu wenye minazi, kuna loji za bei ya juu na kuna bungalo na sehemu za kupiga hema, watoto wanaogelea bila wasiwasi wa mkondo wa mto. Boti za Maziwe zinatoka na Ushongo pia, tena kutoka kule ni karibu zaidi, kwa hiyo mkishindwa siku ya mjini bado mna nafasi ya pili.

Kivuko cha Pangani na Bweni kinaendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali, kuvuka ni dakika chache tu, lakini kusubiri kunaweza kuwa kurefu, hasa siku za bamvua maji yakiwa yamepwa sana, gari la chini linaweza kukwaruza tumbo wakati wa kupanda na kushuka. Vukeni maji yakiwa katikati au yamejaa, yaani siku ya bamvua vukeni mapema asubuhi au mchana kuanzia saa nane. Daraja la mita 525 ndilo linalokuja kumaliza hadithi ya kivuko, ni sehemu ya barabara ya pwani ya kilometa 256 inayounganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo, kwa hiyo kabla ya kuondoka pigeni simu hotelini muulize mnavuka kwa njia gani. Mimi binafsi ningependa watoto wenu wavuke na kivuko angalau mara moja, wasimame pembeni na wanafunzi, baiskeli zenye madumu, kina mama na matenga ya samaki.

Siku ya mto. Mchana wa bamvua maji yanapanda, mnaingia kwenye boti saa tisa hivi na maji yenyewe yanawapeleka juu, saa kumi yamejaa, mnageuka taratibu na kurudi nayo jua likizama. Mto huu umetoka mbali jamani, unaanzia milima ya Kilimanjaro na Meru, mito ya Ruvu na Kikuletwa inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kutoka hapo unateremka mpaka kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, ni safari ya kama kilometa 500 mpaka unamwaga hapa mbele ya mji. Mwambieni mtoto kwamba maji anayoyaona yamepita kwenye mashamba ya Moshi na kwenye umeme unaowasha taa za watu.

Kwanza mtapita mikoko. Mwambieni nahodha azime injini, dakika kumi zinatosha, na muangalie kwa karibu. Mbele kabisa kwenye maji utaona mililana, mizizi yake imechomoza kutoka kwenye tope imesimama wima kama vidole, hiyo ndo inayopumua, na wavuvi wa zamani walikuwa wanaikata kutengeneza maboya ya nyavu kwa sababu ni myepesi na inaelea. Nyuma yake kuna mikoko yenyewe, ile yenye mizizi iliyojipinda juu ya maji, angalia kwenye mizizi utaona chaza wameng'ang'ania na kaa wadogo wanapanda na kushuka kila maji yanaposogea. Mbali zaidi kuna mchu, pindua jani lake uangalie upande wa chini, mara nyingi utakuta chumvi, maana mti unakunywa maji ya chumvi na kuitoa kupitia majani. Mtoto wa miaka 9 mpe alambe, hawezi kusahau.

Mkiendelea juu mikoko inaisha na minazi inaanza, mashamba ya watu yameteremka mpaka ukingoni, yangeyange weupe wamekaa juu ya matawi, mkibahatika mtamsikia kwazi, yule tai mla samaki, akilia. Hapa kuna jambo linaloniuma na napenda wageni walijue. Huko juu maji yanachukuliwa mengi, kwa kilimo cha umwagiliaji na mambo mengine, kwa hiyo wakati wa kiangazi mto unafika huku umechoka na bahari inapata nguvu ya kuingia ndani, chumvi inapanda mtoni kilometa kadhaa, mashamba ya pembezoni yanaathirika na kingo zinamomonyoka. Ule ukuta mnaouona mbele ya mji umejengwa kuzuia maji yasiendelee kula ardhi. Ukiongea na wazee wa pale mtoni watakuonyesha kwa kidole mahali ambapo zamani palikuwa nchi kavu. Tukizungumzia Pangani tunazungumzia pia nani anafungulia maji huko bara, na sitaacha kulisema kwa sababu mji huu hauna sauti kubwa.

Ukiona shamba lina watu wanafua nazi, ombeni kuteremka. Fundi anasimama mbele ya kifuo, kile chuma kilichochongoka kilichosimikwa ardhini, anaibamiza nazi, anaisokota mara mbili tatu na kumbi lote linatoka, mkono haujagusa ncha hata mara moja. Mnunue madafu pale pale, mkilipa bila kubishana sana mtakuwa mmesaidia nyumba.

Mamba. Ndiyo wapo, mto Pangani una mamba na sehemu za juu kuna viboko, sitakudanganya. Lakini mtu aliyekaa ndani ya boti nzuri na nahodha anayeujua mto hana sababu ya kuogopa, na mara nyingi hamtamuona kabisa. Sheria ni nyepesi: hakuna mtu kuogelea mtoni, hakuna kuosha miguu ukingoni, hakuna mtoto kuning'iniza mkono majini, na usiku msikae pembeni ya maji mahali pasipo na watu. Na mdomoni mwa mto pia wasiogelee, pale hofu yangu kubwa ni mkondo kuliko mamba, maji ya bamvua yakianza kutoka yanavuta kwa nguvu na mtu mzima anayejua kuogelea anaweza kuzolewa mpaka nje. Ufukwe wa kuogelea ni Ushongo, au kaskazini ya mji mbali na mdomo, na hata hapo ulizeni wavuvi kwanza.

Mji wenyewe tengeni nusu siku na mchukue muongozaji wa pale pale, kuna ofisi ya utalii wa utamaduni watawapa mtu, msitembee wenyewe na ramani ya simu mkadhani mmeona. Mtaona boma, nyumba za mawe zenye milango ya kuchonga, nyingi zimechoka na nyingine zimeanza kuanguka. Mtasimuliwa habari ya watumwa waliozikwa hai kwenye nguzo za boma, ichukulieni kama simulizi ya mji, lakini kwamba watu walipitishwa hapa wakiwa wamefungwa, na kwamba mashamba ya miwa ya bonde hili karne ya 19 yalilimwa na watumwa, hilo ni historia na watoto wakubwa waambiwe.

Ila habari ninayoipenda kuisimulia mimi ni ya Abushiri. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipewa mkataba na Sultani wa Zanzibar wa kutawala na kukusanya ushuru pwani hii, Agosti wakaja kupandisha bendera yao hapa Pangani, mwakilishi wao alikuwa Emil von Zelewski ambaye watu walimpa jina la Nyundo, na kwa namna alivyowadharau watu wa mji na msikiti wao, mji ukainuka. Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa hapa hapa, ndiye akaja kuongoza, na moto ukasambaa karibu pwani nzima, Saadani akasimama Bwana Heri. Ujerumani ikabidi ilete jeshi chini ya Hermann von Wissmann, wakaichukua Pangani Julai 1889, na Abushiri akanyongwa hapa hapa tarehe 15 Desemba 1889. Na yule Zelewski? Ndiye huyo huyo aliyeuawa na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo Agosti 1891. Mwanao wa miaka 13 anakutana na majina haya kwenye daftari la historia yakiwa sehemu mbili tofauti, akisimama mtoni Pangani anaona ni hadithi moja.

Halafu ng'ambo, upande wa Bweni, kuna Kikokwe. Huko ndiko mkonge wa nchi hii ulikoanzia. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa hapo, na katika hiyo 62 ikatoka sekta nzima ya mkonge iliyojenga Tanga, iliyoleta watu kutoka kila kona kufanya kazi na ikaifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa duniani. Mkipita na gari kuelekea Ushongo mtaona mistari ya mkonge, simamisheni, mshike jani, muangalie ule mwiba wa ncha na nyuzi zilivyo ndani jani likichanika.

Chakula msiwe na hofu. Asubuhi vitumbua na chai ya rangi, mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa mama ntilie, jioni pweza na mihogo ya kukaanga. Mkitaka samaki mzuri nendeni diko boti zikirudi, mtaukuta mnada wenyewe, changu, kolekole, nguru ukiwa msimu wake, nunueni mpeleke gestini muombe wapike, wengi wanakubali kwa malipo kidogo. Mji ni wa Waislamu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo nguo za kuogelea ziishie ufukweni, wewe beba kanga mbili na baba avae suruali au bukta ndefu. Salimieni watu kwanza ndo muulize njia, na wazee wapeni shikamoo yao, watoto wafundishwe hilo njiani. Picha za watu ombeni ruhusa, hasa kina mama wa dagaa. Mwezi wa Ramadhani mchana migahawa mingi inafungwa, mkiangukia hapo mjipange na chakula cha watoto.

Pesa taslimu chukueni Tanga mjini, mawakala wa simu Pangani wapo ila siku nyingine wanaishiwa na nahodha wa boti anataka hela mkononi. Dawa ya mbu jioni msisahau, malaria ipo, na mtoto akipata homa, hata wiki kadhaa baada ya safari, mpimeni haraka.

Kuhusu kurudi najua mumeo atataka kupita Mkwaja na Saadani mpaka Bagamoyo kwa sababu kwenye ramani ni karibu. Kama gari liko juu na kumekuwa kikavu siku kadhaa, ni njia nzuri mno, hifadhi ya Saadani inagusa bahari na mnaweza kuona twiga asubuhi na bahari mchana. Ulizeni Ushongo jioni ya kabla madereva waliotoka huko siku hiyo wanasemaje, na mjue kuna kiingilio cha hifadhi. Mkisikia kuna sehemu imejaa maji, au gari lenu ni la chini, vukeni mto asubuhi kabla maji hayajapwa sana mrudi kwa Tanga, na mkiwahi mtafika Dar jioni.